Kituo cha Dakika ya Nane

Kuna nchi moja ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa bila kibali, na ofisa anayetoa vibali hivyo yuko likizo mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo tutaiita Nchi Ile, na anayeijua ataijua mwenyewe.

Serikali ya Nchi Ile ina upendo mwingi, na kila mwaka huchagua jambo moja la kulipenda kupita kiasi. Mwaka wa Maji, mabomba yote yalipakwa rangi ya bluu, na ili rangi ikauke vizuri maji yakafungwa mpaka Desemba. Mwaka wa Mwalimu, walimu wote waliitwa mji mkuu kupongezwa, na shule zikakaa muhula mzima bila walimu. Wananchi walishukuru. Kisha ukatangazwa Mwaka wa Mama Mfanyakazi, na mama wafanyakazi waliposikia habari hiyo redioni wakaingiwa na hofu.

Mmoja wao alikuwa Nyamizi, mbanguaji wa meza namba kumi na saba katika Kiwanda cha Korosho cha Taifa Namba Moja. Namba Mbili haipo. Hiyo moja iliwekwa kwa ajili ya heshima. Kazi ya kubangua korosho hufanywa kwa kukaa, na kwa kuwa hufanywa kwa kukaa, serikali iliiorodhesha miongoni mwa mapumziko. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Vidole vya Nyamizi vilikuwa vimegeuka rangi ya mkaa na alama zake zilishafutika, hata alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa mashine ilimkataa, na karani akamshauri ajaribu kuzaliwa upya katika wilaya nyingine.

Nyamizi alikuwa na binti wa miezi saba, Kabula. Alitaka mambo mawili tu duniani: asiache kazi, na asiachane na Kabula. Katika Nchi Ile mtu akitaka mambo hayo mawili kwa pamoja huitwa mwenye tamaa.

Mpaka hapo alikuwa ameyapata yote mawili, na aliyempa hakuwa serikali. Nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya uzio wa mabati, kulikuwa na stoo ya zamani ya magunia. Humo Bi Mwatumu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alilea watoto wa wabanguaji. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na tano, bila cheti, bila kibali, na bila kupotelewa na mtoto hata mmoja. Hakuna aliyemwajiri. Akina mama walimpa unga, kuni na zamu za kumfulia, na yeye aliwapa watoto wao jioni wakiwa hai, wameshiba, wamepakwa mafuta.

Bi Mwatumu alikuwa na mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Mtoto akitaka kunyonya, aliupiga mfuniko, na kila mama alikuwa na mlio wake. Wa Sikudhani, jirani wa Nyamizi mezani, ulikuwa tatu za haraka haraka. Wa Nyamizi ulikuwa moja, kimya kidogo, halafu tatu. Mama akisikia mlio wake huinuka bila neno, hunawa mikono kwa majivu na ndimu ili mafuta ya ganda yasimguse mtoto, hupenya chini ya bati moja lililolegezwa, hunyonyesha, hurudi. Wenzake wa mezani humsogezea korosho zao kidogo kidogo ili trei yake isionekane imelala.

Meneja wa kiwanda, Bwana Kitojo, aliwahi kuuliza kelele zile ni za nini. Akaambiwa bibi anafukuza kunguru. Aliandika wizarani kwamba kiwanda kimevamiwa na kunguru, na wizara ikaleta sanamu ya kutisha ndege, ikazinduliwa kwa matarumbeta na mkuu wa wilaya.

Watoto nao waliijua milio. Kabula akilia, mfuniko ukigonga moja, kimya, tatu, Nyamizi akiwa bado hata hajaufikia uzio, mtoto alikuwa ameshakata kilio na kugeuza uso mlangoni. Mlio ukipigwa, mama anakuja. Watoto wote wa stoo ile walilijua jambo hilo kabla hawajajua kutambaa.

* * *

Miaka tisa mfululizo akina mama wa kiwanda walikuwa wameandika ombi moja: wajengewe chumba cha kulelea watoto chenye paa lisilovuja. Miaka tisa walijibiwa kwa barua moja: "Ombi lenu linashughulikiwa. Msilishughulikie wenyewe." Nyamizi, ambaye mwandiko wake ulisomeka, ndiye aliyekuwa akiandika ombi hilo siku hizi.

Kwa hiyo siku lilipofika gari la Wizara ya Malezi, Maadili na Mabango, wote walimtazama yeye. Aliyeshuka alikuwa dada mmoja mwenye suruali ya mifuko mingi na kamera begani. Jina lake Asnati. Wizara imemtuma, alisema, atengeneze filamu ya hali halisi kuhusu mama wafanyakazi na malezi ya watoto wao. Itaonyeshwa mbele ya wageni wa mataifa.

"Hali halisi ya nani?" aliuliza Sikudhani. "Yetu au ya wizara?"

"Yenu, dada."

"Haya. Kaa chini ubangue, ndiyo utaipata. Hiyo kamera haina vidole."

Akina mama wakacheka. Asnati akaweka kamera chini, akavuta kigoda, akabangua. Akabangua vizuri, tena kwa namna ya zamani, kidole gumba nje. Meza nzima ikaacha kubangua.

"Nani alikufundisha?" Nyamizi aliuliza.

"Mama yangu alikuwa anakaa pale," Asnati akaonyesha meza ya dirishani. "Alikuwa akiitwa Somoe."

Mchana huo Nyamizi alimpeleka kwa Bi Mwatumu kupitia mlango wa mbele, njia ndefu, kwa sababu bado hakumwamini kiasi cha kumwonyesha bati. Stoo ilikuwa na watoto kumi na tisa. Bi Mwatumu alikuwa anamfuta mmoja makamasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mtoto wa Somoe."

Bi Mwatumu aliuchukua mfuniko, akapiga mbili nzito, moja nyepesi. Asnati akajiziba mdomo kwa mkono.

"Mama yako ndiye wa kwanza kupigiwa mfuniko," Bi Mwatumu alisema. "Ulikuwa mlizi wewe! Ukianza, stoo nzima inaitikia. Somoe alipofariki, mlio wake sikumpa mama mwingine. Miaka yote hii wamekuja, wameondoka, nimewatungia milio mpaka imeniishia. Huo nimeuacha."

Asnati alilia. Alilia machozi ya kweli. Nyamizi aliyaona yakidondoka kwenye gunia la Kabula, na siku nyingi baadaye alikuwa akiyakumbuka na kutafuta ndani yake dalili yoyote ya uongo, asiione.

"Dada Nyamizi," Asnati alisema walipokuwa wanarudi, "nionyeshe kila kitu. Waziri akiona jinsi mnavyoishi, mbele ya wageni, atajenga apende asipende. Naapa kwa kaburi la mama."

Jioni akina mama walikaa kikao cha dakika kumi kwenye maji ya kunawia.

"Mimi simtaki," Sikudhani alisema. "Ameshakula mshahara wa wizara huyo."

"Amelala kwenye magunia yale yale," Nyamizi akasema. "Kama huyu si wetu, wetu ni nani?"

"Haya, mama Kabula. Wewe ndiye unayejua kuandika. Lakini likitugeuka, nitakuuliza wewe."

Kesho yake Nyamizi alimwonyesha bati.

* * *

Katika Nchi Ile filamu ya hali halisi haipigwi hivi hivi. Wizara ilimleta Afisa Hali Halisi, bwana mwenye suti ya kijivu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hali halisi inafaa. Alibeba rula, kwa ajili ya kupima tabasamu. Chini ya sentimita tano lilikuwa uchochezi, juu ya sentimita tisa lilikuwa kejeli.

Alipoingia stooni, mtoto mmoja akalia.

"Huyu ana kibali cha kulia?" aliuliza.

"Ana miezi minne," Bi Mwatumu alijibu.

"Sikuuliza umri, mama. Kilio mbele ya kamera kinahitaji fomu namba arobaini na moja, na mwombaji aijaze mwenyewe."

Alipoitazama mikono ya Nyamizi alirudi nyuma hatua mbili. Akaandika kwamba mikono hiyo haiwakilishi taifa. Baada ya siku tatu ikaletwa mikono mingine, ya katibu muhtasi mmoja wa wizara, pamoja na katibu muhtasi mwenyewe. Ilikuwa mikono laini, yenye hina, na ilipigwa picha ikishika korosho zilizokwisha banguliwa. Katibu muhtasi alilalamika kwamba kazi ya kubangua ni ngumu, akapewa mapumziko ya wiki mbili.

Nyamizi alimtazama Asnati kila mara upuuzi kama huo ulipotokea, na kila mara Asnati alimkonyeza. Maana yake: waache wacheze, chumba cha kukatia filamu ni changu. Nyamizi aliushika mkonyezo ule akautunza kama kiapo.

Siku ya mwisho, Afisa Hali Halisi alipokwenda kula, Asnati alimkalisha Nyamizi juu ya magunia, Kabula mapajani, akasema, "Sema yote. Usibakize."

Nyamizi akasema yote. Kwamba paa linavuja. Kwamba wameomba miaka tisa. Kwamba wanapenya chini ya bati kama wezi kwenda kunyonyesha watoto wao wenyewe. Kwamba serikali haijawahi kuleta hata mkeka. Halafu sauti ikamlainika akamwangalia bibi aliyekuwa akimbembeleza mtoto wa mtu pembeni, akasema, "Lakini nashukuru. Nashukuru sana. Mtoto wangu analala salama, nami nafanya kazi moyo umetulia. Mungu amweke miaka mingi mtu aliyetufanyia hivi."

Asnati alizima kamera.

"Umenipa filamu, dada," alisema.

* * *

Filamu ilizinduliwa Jumamosi saa nane mchana, katika Ukumbi wa Taifa. Wabanguaji kumi na tisa walisombwa kwa lori la kiwanda pamoja na Bi Mwatumu, wakakalishwa safu ya nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Watoto walikatazwa, walibaki na mabinti wa jirani. Mbele walikaa wageni wa mataifa, mabalozi, Bwana Kitojo kwa suti ya kuazima, na Mheshimiwa Waziri katika kiti ambacho kilikuwa kimeinuliwa kidogo kuliko sheria ya uvutano wa dunia inavyoruhusu.

Taa zikazimwa. Jina likatokea: *Mama Amelindwa*.

Dakika saba za kwanza zilikuwa za bendera. Dakika ya nane kikatokea kituo cha malezi.

Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na kuta za njano, bembea mbili, vitanda vyenye vyandarua vyeupe, na watoto wanene wenye soksi ambao hawakulia hata mmoja. Mlezi kijana mwenye gauni jeupe alimchukua kila mtoto kwa ncha za vidole. Mikono yenye hina ikabangua korosho. Sauti ya mtangazaji ikasema kwamba kituo hiki kimejengwa na serikali kwa ajili ya wabanguaji wa Kiwanda Namba Moja.

"Kiko wapi hicho?" Sikudhani alinong'ona. "Mama Kabula, kiko wapi?"

Pale kwenye kitambaa cha filamu alikuwa ametokea Nyamizi mwenyewe. Uso wake, mkubwa kama nyumba. Nyuma yake magunia yalikuwa yamefutwa na kuwekwa ukuta wa njano. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nashukuru. Nashukuru sana. Mtoto wangu analala salama, nami nafanya kazi moyo umetulia. Mungu amweke miaka mingi mtu aliyetufanyia hivi." Kisha, badala ya Bi Mwatumu, ikatokea picha ya Mheshimiwa Waziri akipokea maua.

Ukumbi ukapiga makofi. Nyamizi alihisi kana kwamba mtu ameingiza mkono kinywani mwake na kutoa ulimi.

Halafu ikaja picha nyingine, fupi. Mwanamke anainama, anainua bati, anapenya. Mtangazaji akasema: "Mama huyu hawezi kusubiri kukiona kituo chake kipya!" Safu ya mbele, Bwana Kitojo alitoa kalamu.

Chini ya picha zote hizo kulikuwa na muziki, na ndani ya muziki, kwa kuwa ulikuwa na mdundo mzuri, Asnati alikuwa ameuweka mfuniko wa Bi Mwatumu. Ukagonga tatu za haraka haraka. Sikudhani akasimama wima. Hakukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Ukagonga mlio mwingine, na mama mwingine akasimama. Moja, kimya, tatu: Nyamizi akajikuta amesimama, maziwa yakimlowesha kanga, akitazama huku na huku akitafuta majivu ya kunawia mikono. Mmoja mmoja, wote kumi na tisa wakasimama gizani.

Mabalozi waligeuka. Walipoona wanawake wa safu ya nyuma wamesimama, wengine wakilia, walidhani ni heshima, wakasimama pia. Waziri alipoona mabalozi wamesimama, alisimama. Itifaki ya Nchi Ile inasema Waziri akisimama ukumbi wote husimama, na ukumbi ukisimama hakuna anayeruhusiwa kukaa kabla ya Waziri, naye Waziri hakutaka kukaa wa kwanza mbele ya mabalozi. Walisimama dakika thelathini na moja. Magazeti yaliandika kwamba haijapata kutokea.

"Leo nimelia," Waziri alisema kwenye kipaza sauti. "Andikeni kwamba nimelia. Mara ya mwisho nililia siku nilipoteuliwa. Kuna mataifa yanayojisifu kwa vituo vya malezi, nayo hayana filamu! Sisi tumeanza na filamu. Tumewapita."

"Mheshimiwa!" Nyamizi alipaza sauti kutoka nyuma ya nguzo. "Kituo hicho kiko wapi?"

Waziri akatabasamu sentimita saba.

"Mnamsikia mama wa watu? Vituo vimekuwa vingi mpaka hajui aulizie kipi." Makofi. "Mpeni soda."

Kisha akamvisha Asnati medali. Nyamizi alimsubiri aangalie nyuma, mara moja tu, ampe ule mkonyezo. Asnati aliangalia zulia, akashuka ngazi, akatokea mlango wa pembeni.

* * *

Jumatatu, pale penye bati, Bwana Kitojo alijenga ukuta wa matofali. Mkuu wa wilaya alikuja kuuzindua, akakata utepe ambao ulikuwa umefungwa kwenye ukuta usio na mlango, akasifu jinsi usivyopitika.

Jumanne ombi la miaka tisa lilijibiwa. Nyamizi aliifungua barua mbele ya wenzake kwa haraka, kwa kuwa ilikuwa barua mpya kweli. "Ombi lenu la kujengewa kituo limetekelezwa. Rejeeni filamu, dakika ya nane. Kwa kuwa kituo kipo, stoo ya magunia haihitajiki na inafungwa leo. Kwa kuwa mlezi wa kituo ni kijana mwenye gauni jeupe kama anavyoonekana, mwanamke anayeitwa Mwatumu anaonywa asijifanye yeye. Wizara inawapongeza kwa subira."

Siku hiyo hiyo stoo ilifungwa kufuli, na watoto kumi na tisa wakatolewa juani na magunia yao.

Jumatano Nyamizi na Sikudhani waliomba ruhusa, wakaenda mji mkuu kukitafuta kituo. Waliulizia ofisi kumi na mbili, mpaka wakaelekezwa kwenye ghala moja nyuma ya wizara. Mlangoni alikaa mlinzi mzee, mtu wa watu.

"Karibuni, dada zangu. Mnataka nini?"

"Kituo cha malezi."

"Ndiyo hapa." Akafungua. Ndani kulikuwa na mbao tatu zilizopakwa rangi ya njano upande mmoja, zimeegemezwa ukutani. "Zile bembea zilirudi nyumbani kwa Mheshimiwa, ni za wajukuu. Na watoto wenyewe ndio hao wajukuu. Vyandarua ni vya hospitali."

"Kituo chenyewe kitajengwa lini?" Sikudhani aliuliza.

"Hakijengwi, dada. Kipo kwenye filamu. Hapa kilikuja kupigwa picha tu." Akaona nyuso zao, akashusha sauti. "Mmekunywa maji? Ngojeni niwaletee maji."

Njiani kurudi, walipoliona bomba la moshi la kiwanda, Sikudhani alisimama.

"Nilisema nitakuuliza wewe," alisema.

"Niulize."

"Nitamweka wapi mtoto wangu kesho?"

Walitembea, kila mmoja upande wake wa barabara.

* * *

Walihangaika. Wengine waliwafunga watoto mgongoni mpaka Bwana Kitojo akasoma tangazo kwamba kigoda kina nafasi ya mtu mmoja, na anayekaa wawili anakaa kwa wizi. Wengine waliwaacha kwa majirani, kwa dada, kwa yeyote. Katika miezi mitatu wabanguaji kumi na mmoja waliacha kazi, Sikudhani akiwa wa kwanza. Takwimu zilipelekwa wizarani, na wizara ikatangaza mafanikio: tatizo la mama wafanyakazi lilikuwa linakwisha, kwa sababu mama wafanyakazi walikuwa wanakwisha.

Nyamizi alibaki. Hakuwa na mume wa kumlisha wala shamba la kurudia. Wiki sita alimwacha Kabula kwa jirani mwenye watoto wake watano, na jioni alimkuta amekauka midomo, amelia mpaka sauti haitoki. Siku aliyomkuta na homa, hakuna aliyejua homa ilianza saa ngapi. Basi akamfungia nguo zake kwenye kanga, akampandisha garimoshi pamoja na shangazi yake, siku mbili mpaka kwa bibi yake. Kabula alikuwa amejifunza kusema neno moja, na dirishani alikuwa akilisema hilo hilo.

Tangu hapo Nyamizi alibangua mpaka mafuta ya ganda yakampasua viganja, na kila mara mahali fulani kitu cha chuma kilipogonga, kifua kilimuuma.

* * *

Asnati alirudi siku moja ya mapumziko, asubuhi. Alimkuta Nyamizi kwa Bi Mwatumu, amekwenda kumfulia. Zamu ile hakuiacha ingawa hapakuwa tena na cha kulipia. Bi Mwatumu alikuwa uani, nyuma ya nyumba, anachambua mchele. Asnati aliingia na kamera yake chumbani alimokuwa Nyamizi, akaiweka juu ya miguu yake mitatu. Akaketi mkekani, mgongo kwa mlango, medali ikiwa kifuani.

"Dada," alianza, "najua umenikasirikia."

Nyamizi aliendelea kukamua shuka ndani ya beseni.

"Chumba cha kukatia walikaa watu saba. Afisa, katibu, mpaka mpwa wa Waziri. Ningefanyaje?"

"Mkasi ulikuwa mkononi mwa nani?"

Asnati aliifunika medali kwa kiganja. "Mwangu."

"Basi usinihesabie watu."

"Nilikataa mwanzo. Wakaniambia ningebaki bila kazi. Na mimi nina mtoto, dada. Ana miaka miwili."

"Anakaa wapi ukiwa kazini?"

Asnati aliangalia kamera. "Wizarani kuna chumba," alisema taratibu. "Cha wafanyakazi. Nilipewa nafasi baada ya filamu."

Nyamizi aliacha kukamua. Maji yakaendelea kudondoka yenyewe kutoka kwenye shuka.

"Kina bembea?" aliuliza.

"Dada Nyamizi..."

"Sema tu. Kina bembea?"

"Moja."

Asnati akawasha kamera. Taa nyekundu ikawaka. "Sikiliza. Safari hii ni nafasi ya kweli. Wageni wameipenda filamu, wanataka sehemu ya pili. Wamemuulizia Kabula kwa jina. Wanataka wamwone alivyokua."

"Kabula hayupo."

"Yuko wapi?"

"Kwa mama yangu. Nimempeleka."

"Ah." Asnati alifikiri, na Nyamizi alimwona akifikiri, tena kwa haraka, kama mtu anayepanga samani. "Si neno. Tutapata mwingine wa umri wake. Kwenye picha hawajui."

Nyamizi alimtazama mtoto wa Somoe, yule aliyelala kwenye magunia yale yale. Akaitoa mikono yake ndani ya beseni, akaifuta kwa kanga.

Uani, Bi Mwatumu alikuwa amesikia kila kitu, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi. Aliweka ungo chini. Aliuchukua mfuniko na kijiko, akapiga.

Mbili nzito. Moja nyepesi.

Asnati alikuwa katikati ya neno. Neno likakatika. Mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwenye medali ya taifa, akageuza uso mlangoni, macho yamefunguka, kinywa wazi kidogo, akingoja.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na jua tu, na ndoo.

Alikaa hivyo muda mrefu, kamera ikiendelea kuwaka taa yake nyekundu. Aliporudisha uso, kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Nyamizi alirudisha mikono yake myeusi kwenye beseni.

"Na hiyo," alisema, "nayo uikate."